Mfumo Mpya na Deni la Mfumo wa Zamani

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya kompyuta na programu nyingine zote. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaofungua na kufunga faili, unaochora madirisha kwenye skrini na kuamua ni programu ipi ipewe zamu ya kutumia kichakataji. Programu ya kuandika barua au ya kutunza hesabu za duka haifanyi kazi hizo yenyewe. Huuomba mfumo, nao huitikia. Maombi hayo yana utaratibu wake, na mwandishi wa programu hujifunza utaratibu huo akiamini kwamba ombi lililojibiwa leo litajibiwa vivyo hivyo kesho.

Kwa sababu hiyo, kuujenga upya mfumo endeshi huku programu za zamani zikiendelea kufanya kazi si suala la ufundi peke yake. Huzua maswali mawili ya falsafa. La kwanza ni la utambulisho: kama vyote vilivyokuwa ndani vimebadilishwa, je, kilichopo ni kitu kilekile, au ni kingine kilichochukua jina? La pili ni la wajibu: watu waliojenga kazi zao juu ya mfumo wa zamani wanamdai nini anayeujenga upya, na deni hilo huisha lini? Maswali haya huonekana kuwa mbalimbali, lakini jibu la la kwanza limo ndani ya la pili. Historia ya Macintosh inayaonyesha yote mawili waziwazi kuliko visa vingi.

Kwa nini mfumo wa zamani haukuweza kuendelea

Apple ilitoa Macintosh ya kwanza Januari 1984, ikiwa na kilobaiti 128 za kumbukumbu. Ilikusudiwa kuendesha programu moja kwa wakati mmoja, na katika nafasi finyu namna ile wabunifu wake walichukua maamuzi yaliyokuwa ya busara kwa siku zao. Hawakuweka mpaka uliolindwa kati ya programu na mfumo, hivyo programu iliweza kuandika mahali popote kwenye kumbukumbu, hata katika sehemu za mfumo wenyewe. Kichakataji cha Motorola 68000 kilitumia biti 24 tu kati ya 32 zilizotengwa kwa kila anwani ya kumbukumbu. Biti nane zilizobaki bila kazi zilitumiwa na mfumo, na pia na baadhi ya waandishi wa programu, kuhifadhia alama zao.

Miaka ilivyopita, busara ile ikageuka kifungo. Watu walitaka kuendesha programu kadhaa kwa pamoja, na moja iliyoharibika iliweza kuiangusha kompyuta nzima pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa. Vichakataji vipya vilipoanza kuzitumia biti zote 32, programu zilizoweka alama katika zile nane zikavurugika. Toleo la System 7 la 1991 lililazimika kumwachia mtumiaji achague kati ya utaratibu wa zamani na mpya. Kuweka mipaka kati ya programu ndiyo iliyokuwa dawa, lakini mipaka hiyo ingezivunja programu zilizozoea kuivuka. Apple ilijaribu kwa miaka kadhaa kuunda mfumo mpya uliopewa jina la Copland, ikauacha mwaka 1996 bila kuukamilisha.

Desemba 1996 kampuni hiyo ilitangaza kuinunua NeXT, kampuni ambayo Steve Jobs aliianzisha baada ya kuondoka Apple mwaka 1985. Mfumo wa NeXT ulijengwa juu ya kiini cha Mach kilichotoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na juu ya Unix ya aina ya BSD iliyotoka Berkeley. Ulikuwa na mipaka yote ambayo Macintosh ilikosa. Mpango wa kwanza, ulioitwa Rhapsody, ulitaka programu za zamani ziendeshwe katika sehemu yake ya pekee, na kila anayetaka manufaa ya mfumo mpya aiandike programu yake upya. Kampuni kubwa za programu hazikuwa tayari kurudia kazi ya miaka kumi na zaidi. Mwaka 1998 Apple ilibadili mpango na kutangaza Carbon, mkusanyo uliohifadhi sehemu kubwa ya maombi ya zamani na kuyaondoa yale tu yasiyoweza kuishi pamoja na mipaka. Mfumo huo mpya, Mac OS X, ulitolewa tarehe 24 Machi 2001.

Je, ni mfumo uleule?

Plutarko, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kuweka mpya mahali pake, na kwamba wanafalsafa walibishana kama ilibaki kuwa merikebu ileile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes aliongeza ugumu: vipi kama mtu angeziokota mbao za zamani zote na kuziunganisha tena kwa mpangilio wake wa awali? Kungekuwa na merikebu mbili, kila moja ikidai kuwa ndiyo ya Theseus.

Fumbo la Hobbes lilibaki nadharia kwa karne tatu na nusu. Mac OS X ililigeuza kuwa kitu kinachoonekana. Ndani ya mfumo mpya mliwekwa sehemu iitwayo Classic, na ndani ya Classic uliendeshwa Mac OS 9 mzima, mbao za zamani kwa mpangilio wake wa zamani. Nje yake ulikuwepo mfumo ambao kiini chake kilitoka NeXT, ukiwa na jina la Mac. Anayepima utambulisho kwa maada angesema kwamba Macintosh ya kweli ilikuwa ile iliyofungiwa ndani, na kwamba iliyoizunguka ilikuwa NeXT iliyobatizwa upya. Hata hivyo watumiaji hawakuona hivyo, wala hawakudanganyika.

Mapokeo ya Wabuddha yana njia nyingine ya kulitazama jambo hili. Katika mazungumzo maarufu kati ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda, mtawa anauliza gari la farasi liko wapi: kwenye gurudumu, kwenye ekseli au kwenye nira? Halipo katika kimojawapo, wala halipo nje ya vyote. Jina la gari hutajwa kwa sababu ya namna sehemu zinavyotegemeana. Mfumo endeshi ni mfano mwafaka kuliko gari, kwa kuwa hauna umbo la kushikwa. Ukiuondolea programu zinazouomba na watu wanaozitumia, kinachobaki ni msururu wa maagizo usiomtumikia yeyote.

Hapa jibu linaanza kuonekana. Mac OS X ilistahili jina la Mac kwa sababu ilikubali kujibu maombi yaliyoelekezwa kwa mtangulizi wake. Mtu aliyekuwa na programu ya 1995 aliweza kuifungua mwaka 2002 na kuendelea na kazi pale alipoishia. Utambulisho wa mfumo hautokani na asili ya msimbo wake, bali na kuendelea kwa uhusiano kati yake na wanaoutegemea. Kwa hiyo swali la kama mfumo ni uleule haliwezi kujibiwa kwa kuukagua mfumo peke yake. Lazima pia kuulizwa kama ahadi zake zimetunzwa.

Ahadi iliyoandikwa na mazoea yaliyoachiwa

Lakini ahadi zipi? Kila mfumo endeshi huwa na vitabu vya maelekezo vinavyosema ni maombi gani yanaruhusiwa na majibu yake ni yapi. Hiyo ni ahadi iliyo wazi. Pamoja nayo kuna mambo ambayo mfumo huyafanya bila kuyaahidi: mpangilio fulani wa kumbukumbu, kasi fulani ya kujibu, au hitilafu ambayo haijarekebishwa. Mhandisi Hyrum Wright ameeleza kanuni inayojulikana kwa jina lake, kwamba watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia ya mfumo inayoweza kuonekana itapata mtu wa kuitegemea, hata kama haikuahidiwa popote.

Mfano unaotajwa sana ni wa mchezo wa SimCity. Toleo lake la Windows ya zamani lilikuwa na kosa: lilisoma sehemu ya kumbukumbu baada ya kuirudisha kwa mfumo. Katika Windows ya zamani kosa hilo halikudhuru, kwa kuwa sehemu iliyorudishwa haikuchukuliwa mara moja. Windows 95 iligawa kumbukumbu kwa namna nyingine, na mchezo ukaanguka. Wahandisi wa Microsoft waliifundisha Windows 95 kuutambua mchezo huo na kuupa utaratibu wa pekee wa kumbukumbu. Kosa lilikuwa la mwandishi wa mchezo, lakini mzigo ulibebwa na mjenzi wa mfumo.

Je, alilazimika kuubeba? David Hume aliona kwamba ahadi ni desturi iliyowekwa na watu ili waweze kuaminiana, na kwamba kufunga kwake kunatokana na desturi hiyo. Kwa mtazamo huo Microsoft haikudaiwa chochote, kwa kuwa haikuahidi kwamba kumbukumbu iliyorudishwa itasomeka. T. M. Scanlon, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu yale ambayo watu wanadaiana, anaweka uzito kwingine: ubaya wa kuvunja ahadi uko katika kumfanya mtu atarajie jambo, kisha kumwacha apate hasara kwa kulitarajia. Mtazamo huu unamkaribia zaidi mtumiaji. Aliyenunua mchezo hakusoma maelekezo ya wahandisi. Aliona tu kwamba unafanya kazi, na mfumo ulioonyesha hivyo kila siku ulikuwa umemjengea tarajio.

Fiqhi ya Kiislamu imelifikiria jambo hili kwa karne nyingi, na kwa makini ambayo wahandisi wangefaidika nayo. Miongoni mwa kanuni tano kubwa za fiqhi, ambazo Jalal al-Din al-Suyuti aliyefariki 1505 alizifafanua kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mna ile inayoifanya ada kuwa hakimu. Jambo lililozoeleka miongoni mwa watu huhesabiwa katika mikataba yao hata kama halikutajwa. Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa katika Dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, uliziweka kanuni za namna hiyo mwanzoni kabisa. Kifungu cha tano kinasema kwamba asili ni jambo kubaki lilivyokuwa. Cha sita kinaagiza kwamba kilichokuwepo tangu zamani kiachwe katika hali yake. Mtu ambaye maji yake yamepita katika kiwanja cha jirani tangu zamani hazuiwi kwa sababu tu kiwanja kimepata mwenyewe mpya.

Kwa mujibu wa fikra hiyo, mzigo wa kutoa sababu huwa juu ya anayebadili. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, ameshikilia msimamo unaofanana na huo kwa ukali: badiliko katika kiini linaloharibu programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi ni kosa la kiini, hata kama programu yenyewe iliandikwa vibaya. Msimamo huo unamlinda mtu aliye mbali kabisa na mjadala wa wahandisi, asiye na njia ya kujitetea.

Ukale hauhalalishi madhara

Hata hivyo Majalla haikuishia kwenye kifungu cha sita. Cha saba kinafuata papo hapo na kusema kwamba madhara hayapati haki kwa kuwa ya zamani. Maji machafu ya nyumba yanayomwagika kwenye njia ya umma na kuwadhuru wapitao huzuiwa, hata kama yamemwagika hapo tangu enzi za mababu. Ukale hulinda manufaa ya mtu, haulindi madhara yake kwa wengine.

Kanuni hizi mbili zikisomwa pamoja hutoa kipimo kinachofaa. Uhuru wa programu za Macintosh kuandika popote kwenye kumbukumbu ulikuwa wa zamani, na wapo walionufaika nao kwa nia njema. Lakini uhuru huohuo uliipa programu moja uwezo wa kuziangusha nyingine zote, na katika zama za intaneti uliacha mlango wazi kwa programu za hujuma. Kuuondoa hakukuwa kuvunja haki ya mtu. Biti nane za anwani ni mfano tofauti. Aliyeweka alama zake humo hakumdhuru jirani, ila aliziba njia ya mfumo kukua. Huyo alistahili muda na usaidizi kabla ya kuondolewa.

Kuna pia madhara yasiyo na sauti. Kila tabia ya zamani inayohifadhiwa huongeza msimbo wa kutunzwa, na gharama yake huangukia wahandisi na watumiaji ambao hawajafika. Anayekataa kubadili chochote huwatendea haki wa jana kwa mali ya wa kesho. Uadilifu haumo katika kuhifadhi kila kitu, wala katika kufagia kila kitu. Umo katika kumhesabu kila anayeguswa.

Njia za kulipa deni

Wajenzi wa mifumo wamepata njia kadhaa za kulipa deni hili, na kila njia ina msimamo wake wa kimaadili.

Njia ya kwanza ni ya Carbon, inayogawa mzigo. Mjenzi huhifadhi maombi mengi kadiri iwezekanavyo, na mwandishi wa programu hurekebisha machache yaliyoondolewa. Njia hii humtambua mwandishi kama mshirika mwenye wajibu wake. Udhaifu wake ni kwamba humsahau mtumiaji ambaye mwandishi wa programu yake amefariki, amefilisika au ameacha kazi hiyo.

Ya pili ni ya Classic, inayouchukua mfumo wa zamani mzima na kuuendesha ndani ya mpya. Programu haihitaji kubadilishwa, na mfumo wa ndani ukianguka, wa nje husalia. Bei yake ni kwamba programu hizo hazipati manufaa ya mfumo mpya, na hubaki na sura ya zamani.

Ya tatu ni tafsiri ya maagizo ya kichakataji. Apple ilipohama kutoka vichakataji vya Motorola 68000 kwenda PowerPC mwaka 1994, iliweka ndani ya mfumo programu iliyoigiza kichakataji cha zamani, na sehemu kubwa ya mfumo wenyewe iliendelea kutegemea uigizaji huo. Ilipohamia Intel mwaka 2006 ilitumia Rosetta, na ilipohamia vichakataji vyake yenyewe mwaka 2020 ilileta Rosetta 2. Njia hii hubeba karibu mzigo wote kwa niaba ya mtumiaji, ambaye mara nyingi hatambui kwamba lolote limebadilika.

Microsoft ilichagua njia ya nne, ambayo ni subira. Windows NT, iliyojengwa upya chini ya uongozi wa Dave Cutler, ilitoka mwaka 1993 na kuishi sambamba na Windows ya zamani. Ilizizuia programu zilizotaka kugusa vifaa vya kompyuta moja kwa moja, kwa hiyo haikulazimishwa kwa kila mtu siku ya kwanza. Mpaka Windows XP ilipotoka Oktoba 2001, ndipo watumiaji wa nyumbani walipohamishiwa kwenye msingi huo mpya. Miaka minane ilitosha kwa waandishi wengi wa programu kujirekebisha.

IBM imefika mbali kuliko wote. Ilipotangaza kompyuta za System/360 mnamo Aprili 1964, iliwawezesha wateja kuendesha programu za kompyuta zake za awali kwa kuigiza. Tangu hapo anwani zimepanuka kutoka biti 24 hadi 31 mwaka 1983, kisha hadi 64 mwaka 2000, na programu zilizoandikwa kwa biti 24 zinaweza bado kuendeshwa. Benki na mashirika ya bima yameishi juu ya uaminifu huo kwa vizazi viwili.

Deni huisha lini?

Apple haikufuata njia ya IBM hadi mwisho. Mei 2002, mbele ya mkutano wa waandishi wa programu, Steve Jobs aliuandalia Mac OS 9 mazishi ya kuigiza, yenye jeneza. Classic iliendelea kuwepo hadi ilipoondolewa mwaka 2007. Rosetta ya kwanza iliondolewa mwaka 2011. Mwaka 2018 mfumo ulianza kuwaonya watumiaji waliofungua programu za biti 32, na Oktoba 2019 programu hizo zikaacha kufunguka kabisa.

Sheria ya mirathi ya Kiislamu inasaidia kuuhukumu mwisho wa namna hii. Warithi hawagawani mali mpaka madeni ya marehemu yalipwe kutoka katika mali hiyo. Wakati huohuo hawawajibiki kulipa zaidi ya kile alichoacha. Mfumo unaochukua jina, wateja na sifa ya mtangulizi wake umechukua mirathi, na madeni ya mtangulizi yamo ndani yake. Apple isingeweza kuuza Mac OS X kwa jina la Mac kisha ikatae maombi ya Mac. Lakini deni lina kikomo. Thamani ya kuendelea kuzihudumia programu za zamani inapopungua kuliko gharama na hatari zinazowaangukia wengine, mrithi anaweza kufunga hesabu.

Namna ya kufunga hesabu ndiyo inayopima uadilifu wake. Mambo matatu hayana budi kutimizwa. Kwanza ni taarifa inayotolewa mapema na kwa lugha ambayo mtumiaji wa kawaida anaielewa, si mwandishi wa programu peke yake. Pili ni njia ya kuvuka inayodumu muda wa kutosha kwa mtu mwenye kipato kidogo, asiyenunua kompyuta kila baada ya miaka miwili. Tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, kazi ya mtu isizame pamoja na programu iliyoizaa. Programu ya AppleWorks, iliyotumiwa sana mashuleni na majumbani, iliandikwa kwa vichakataji vya PowerPC na ikaacha kufanya kazi pale Rosetta ilipoondolewa mwaka 2011. Aliyekuwa na barua, mitihani au kumbukumbu za ukoo katika faili zake, na hakuwa amezihamisha, alibaki na faili nzima zisizofunguka kwa programu iliyoziandika.

Jambo hili la tatu linaonyesha mwenye haki ni nani hasa. Programu haina haki yoyote, kwa kuwa haina maumivu wala matumaini. Uaminifu kwa programu za zamani ni uaminifu kwa watu walioweka ndani yake fikra, hesabu na kumbukumbu wasizoweza kuziandika tena. Mjenzi wa mfumo mpya anaruhusiwa kubadili kila ubao, kuondoa kila tabia yenye madhara, na hatimaye kuacha kuyajibu maombi ya kale. Asichoruhusiwa ni kumfungia mtu nje ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Anayelilinda hilo amelipa deni, na mfumo wake una haki ya kuitwa kwa jina la uliotangulia.